Gunia, tuta la kuzama, mduara au madumu: ipi inafaa kwa mboga za nyumbani Dodoma?

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na mwaka wa kawaida jumla yake ni milimita 550 hadi 600 hivi. Kuanzia Mei mpaka Novemba hakuna mvua ya kutegemea, jua ni kali, na upepo wa kutoka mashariki na kusini-mashariki unakausha udongo haraka. Familia inayotaka kupunguza fedha ya mboga inayokwenda sokoni Majengo au kwenye genge la mtaani kila jioni isianze kwa kuuliza bustani gani inapendeza. Ianze na maswali mawili: mwezi wa Septemba mtaweza kutoa ndoo ngapi za maji kwa siku? Na je, nyumba ni yenu au mmepanga?

Hapa tunalinganisha njia nne zinazotumika kwenye viwanja vya mjini, kuanzia Nkuhungu na Chang'ombe hadi Nzuguni na Mkonze. Msimamo wetu tunausema mapema. Mwenye uwanja wake, hata mdogo, achimbe tuta la kuzama. Mpangaji achukue madumu, na gunia moja kama mwenye nyumba anaruhusu. Mduara wenye kapu la mboji ni wa mwenye mawe, samadi nyingi na watu wa kumsaidia kujenga. Gunia limesifiwa mno kwa mazingira yetu, na sababu tunazieleza chini.

| | Gunia la kilo 100 | Tuta la kuzama, mita 1 × 3 | Mduara wa upana wa mita 2 | Madumu 6 ya lita 20, yaliyolazwa |
|---|---|---|---|---|
| Nafasi ya kupanda | miche 25–30, juu na ubavuni | mita 3 za mraba | chini kidogo ya mita 3 za mraba | kama nusu mita ya mraba |
| Maji kwa siku, kiangazi | lita 6–10 | lita 15–18 | lita 15–20 | lita 6, zikigawanywa asubuhi na jioni |
| Udongo na samadi ya kuleta | ndoo 6, na ndoo 1 ya mawe | samadi ndoo 3 tu | ndoo kama 100 kwa jumla | ndoo 3–4 |
| Kazi ya kuanza | saa mbili | siku moja, watu wawili | siku mbili hadi tatu | nusu siku |
| Kuhama nalo | halibebeki likijaa | haliwezekani | haliwezekani | rahisi |
| Kudumu | mwaka mmoja, mara chache miwili | miaka mingi | miaka mingi | mpaka plastiki ipasuke |

Hesabu ya maji iko hivi. Lita 1 ikimwagwa kwenye mita 1 ya mraba inakuwa na kina cha milimita 1. Mboga za majani zilizofunika udongo, katika ukavu wa hapa, hutumia milimita 5 hadi 6 kwa siku. Ndiyo lita 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba. Bustani yoyote inayosemwa kuwa haihitaji maji kabisa kiangazi, msiichimbe.

Tuta la kuzama

Wakulima wengi wamezoea kuinua matuta, na kule kwenye mvua nyingi wako sahihi. Hapa tuta lililoinuliwa linapigwa na upepo pande zote na kukauka kabla ya saa sita. Tuta la kuzama linafanya kinyume: uso wa udongo uko sentimita 10 chini ya ardhi, upepo unapita juu, na maji unayomwaga hayana pa kukimbilia.

Kabla ya kuchimba, pima udongo. Chimba kishimo cha kina cha sentimita 30, mwaga maji yajae, yakiisha jaza tena. Kama maji ya mara ya pili bado yamesimama baada ya saa nne au tano, chini kuna tabaka gumu au mfinyanzi mzito. Tabaka gumu ni la kawaida kwenye udongo mwekundu wa hapa, na linavunjwa kwa sululu. Udongo mweusi wa mbuga ni habari nyingine: unapasuka kiangazi na kujaa maji masika. Hapo msichimbe, pandeni kwenye madumu au mduara.

Weka alama ya mita 1 kwa mita 3, urefu ukikingama mteremko. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila mtu kukanyaga ndani. Toa sentimita 20 za udongo wa juu, urundike upande mmoja. Toa sentimita 20 nyingine za udongo wa chini. Huu haurudi shimoni: tumia kujengea ukingo, na ukingo mnene zaidi uwe upande wa mashariki unakotoka upepo. Ndani ya shimo tandaza mabua ya mtama, uwele au mahindi yaliyokatwakatwa na kulowekwa usiku kucha, tabaka la sentimita 10, kanyaga. Nyunyiza juu yake nusu ndoo ya samadi. Changanya udongo wa juu na ndoo mbili na nusu za samadi iliyoiva, urudishe. Mwaga ndoo nne au tano za maji, funika kwa nyasi, acha wiki moja ndipo upande.

Samadi juu ya mabua isirukwe. Mabua makavu yanapoanza kuoza hunyonya naitrojeni kutoka kwenye udongo, na mboga iliyopandwa juu yake inageuka ya njano kuanzia majani ya chini. Watu hudhani ni ugonjwa, wanakwenda kununua dawa. Kulowesha nako kuna sababu yake: mabua makavu huita mchwa, na Dodoma mchwa hawachelewi.

Samadi ya ng'ombe inapatikana kwa urahisi mkoani hapa, ila chagueni ya zizini iliyokaa miezi mitatu au zaidi. Iliyoiva haina harufu kali, inavunjika mkononi, na ukiingiza mkono katikati ya rundo hutahisi joto. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaleta magugu. Ya kuku ni kali zaidi, kwa hiyo ndoo moja kwa ndoo kumi za udongo inatosha.

Mgawanyo unaofaa wa tuta moja ni huu. Mita ya kwanza ni ya mchicha, kwa mistari iliyoachana sentimita 15 hadi 20. Igawe vipande vinne na upande kipande kimoja kila wiki, maana mchicha huvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kuusia, na ukiupanda wote siku moja mtakula mchicha wiki nzima kisha mkae bila mboga mwezi mzima. Mita ya pili ni ya sukuma wiki, miche sita. Kitaluni hukaa wiki nne hadi tano, baada ya kuhamishwa huanza kuchumwa wiki ya sita hadi ya nane, na huendelea miezi sita au zaidi mkichuma majani ya chini tu. Mita ya tatu ni ya matembele, vipande tisa vya sentimita 30, theluthi mbili ya kila kipande ikizikwa. Miche ikifika kimo cha sentimita 10, tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5. Bila matandazo hayo hesabu ya lita 18 haitatosha.

Tuta hili likitunzwa vizuri linatoa mboga ya milo kama mitatu kwa wiki kwa watu watano. Kwa mboga ya kila siku chimbeni mawili, na la pili muanze mkishalimudu la kwanza.

Udhaifu wake hujitokeza Januari, mvua kubwa inapogeuza tuta kuwa bwawa. Mizizi hukosa hewa, na mchicha hulala ndani ya siku mbili. Kata mlango wa kutolea maji wenye kina cha sentimita 10 kwenye ukingo wa upande wa chini mapema Novemba. Kiangazi ukizibe.

Gunia

Gunia linapendwa kwa sababu linachukua nafasi ndogo, na hilo ni kweli. Familia yenye kona ya mita moja tu nje ya mlango haina njia inayotoa miche mingi hivyo kwenye eneo hilo.

Gunia la kilo 100 hupokea takribani ndoo saba za lita 20: udongo wa juu ndoo tatu, samadi iliyoiva mbili, mchanga moja, na mawe ya ukubwa wa ngumi ndoo moja. Mchanga unatosha kama udongo wenu ni mzito. Kama tayari ni wa kichanga, weka udongo badala yake. Chimbia miti mitatu au minne pembeni kabla ya kujaza, maana gunia lililolowa likianza kuinamishwa na upepo hakuna wa kulisimamisha. Simamisha katikati ndoo ndogo au kopo lisilo na kitako, jaza mawe ndani yake na udongo kuzunguka, kisha vuta kopo juu, jaza tena, mpaka ifike juu. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo inayopeleka maji chini. Toboa matundu ya ubavuni kwa kisu, sentimita 20 kutoka tundu hadi tundu, yakipishana.

Shida ni tatu. Ya kwanza ni jua: gunia la plastiki linakatika nyuzi, na hapa mara nyingi ni ndani ya mwaka mmoja. Ya pili, ubavu wa magharibi unapata joto la alasiri na miche yake inanyauka wakati ya mashariki inastawi. Wekeni gunia upande wa mashariki wa nyumba, lipate jua la asubuhi na kivuli baada ya saa nane mchana. Ya tatu ndiyo inayowakatisha tamaa wengi: mawe yakiwa makubwa mno au nguzo ikiwa nene mno, maji yote yanashuka chini, kitako kinaoza na juu panakauka. Ukiona maji yanatoka chini dakika chache baada ya kumwagilia, punguza kasi, mwaga lita mbili, subiri, mwaga mbili nyingine.

Pandeni ubavuni sukuma wiki, chainizi au spinachi. Mchicha uwe juu tu. Nyanya ziacheni.

Mduara wenye kapu la mboji

Huu ni ukuta wa mawe wa mviringo, kimo cha sentimita 60 hadi 80, wenye kinjia kinachoingia mpaka katikati, na hapo katikati kuna kapu la fito au wavu lenye upana wa sentimita 30 hadi 40. Mabaki ya jikoni na maji yaliyotumika hutupwa humo, na unyevu na rutuba husambaa kwenda pembeni. Udongo uinuke kuelekea kwenye kapu, ushuke kuelekea ukutani.

Uzuri wake ni kwamba mtu hainami, kwa hiyo bibi au mama mjamzito anaweza kuutunza, na kuku hawaufikii kirahisi. Tatizo ni ujazo. Mita tatu za mraba kwa kimo cha sentimita 70 ni ndoo zaidi ya mia moja. Nusu ya chini jazeni mabua, majani, majivu kidogo na udongo wa kawaida. Udongo mzuri wenye samadi uwe sentimita 30 za juu. Anayeishi karibu na vilima vya mawe, kama Ntyuka au Mkonze, anaweza kuokota mawe bila gharama. Anayelazimika kununua lori la mawe aachane na wazo hili, halirudishi fedha yake kwa mboga.

Kosa la kawaida ni kuamini kapu tangu siku ya kwanza. Maji ya kapuni huenda chini na pembeni, hayapandi juu kwenye vimizizi vya mche wa wiki moja. Mwagilieni juu kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo.

Madumu, na kazi za watoto

Dumu la mafuta ya kula la lita 20 lilaze, kata ubavu mpana wa juu ukiacha ukingo wa sentimita 3 ili lisilegee. Toboa matundu sita hadi nane kwa msumari wa moto, sio kitakoni bali ubavuni, sentimita 2 kutoka chini, ili kibaki kiasi kidogo cha maji ya akiba. Dumu lililowahi kubeba dawa za kilimo au kemikali yoyote lisitumike hata likioshwa mara kumi. Yanafaa kwa vitunguu vya majani, giligilani, mchicha na chainizi. Kwa kuwa udongo ni mchache, siku moja ya kusahau maji inatosha kuua mimea.

Kwa chakula madumu ni ya mwisho kati ya njia hizi. Kwa watoto ni ya kwanza, kwa sababu kila mmoja anapata dumu lake na matokeo yake yanaonekana ndani ya mwezi. Watoto wa miaka mitano hadi minane wapeni trei za mayai za karatasi: kila kishimo kijazwe udongo wenye samadi, mbegu mbili, na trei ikae juu ya sinia la zamani ili isikauke. Vishimo ni vidogo, hivyo miche ihamishwe ikiwa na majani mawili halisi, wiki mbili hivi, pamoja na karatasi yake.

Wakubwa kidogo watengeneze kipima mvua. Chukua chupa ya lita 1.5 yenye mwili ulionyooka, kata shingo, igeuze kichwa chini ndani ya mwili. Weka kokoto kitakoni, jaza maji mpaka sehemu iliyonyooka, chora mstari wa sifuri, kisha panga milimita kwa rula. Ikae mahali pa wazi, mbali na ukuta na mti. Kila asubuhi mtoto asome, aandike, arudishe maji kwenye sifuri. Halafu azidishe milimita kwa eneo la paa. Bati la mita 40 za mraba likipata milimita 10 ni lita 400, na ukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukia nje na kuvuja, zinabaki 320. Hesabu ya eneo ya darasani inakuwa ya kweli, na familia inajua kama tangi la lita 1,000 linajaa kwa mvua tatu au kumi.

Maji: hapa ndipo fedha inapookolewa au kupotea

Tuta moja la kuzama kwa lita 18 kwa siku ni lita 540 kwa mwezi. Kwa mwenye bomba ni zaidi kidogo ya nusu yuniti, bei mnaiona kwenye bili. Kwa anayenunua kwa muuza maji ni madumu 27. Fanyeni hesabu kwa bei ya mtaani kwenu. Kama dumu ni shilingi 500, ni shilingi 13,500. Tuta linatoa milo 13 kwa mwezi, na kama mboga ya mlo mmoja ni shilingi 1,000, mmeokoa 13,000. Hapo bustani inawala fedha badala ya kuwapa. Anayenunua maji kwa dumu asimwagilie tuta kiangazi kwa maji safi. Abaki na gunia moja au madumu, kwa maji yaliyokwisha kutumika.

Maji ya kuoshea mchele, kuoshea mboga na kusuuzia vyombo kwa watu watano yanaweza kufika lita 10 hadi 15 kwa siku. Ya kufulia kwa sabuni ya unga yana sodiamu inayogandisha udongo, wala ya dawa ya choo yasikaribie bustani. Yaliyotumika mwagieni kwenye udongo, sio juu ya majani, na yasitumike kwa mboga zinazoliwa mbichi.

Visima vingi vya hapa vina chumvi. Dalili ni utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani kuungua. Spinachi na sukuma wiki huvumilia, maharage na karoti hayavumilii. Matandazo hupunguza tatizo, na mara moja kila wiki mbili mwagilieni maradufu ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Gunia na madumu hukusanya chumvi haraka kuliko tuta, kwa sababu hakuna pa kuishusha.

Wadudu tuseme kwa ufupi: vidukari kwenye sukuma wiki wakati wa ukavu ndio wasumbufu wakubwa. Ponda kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, ongeza kijiko cha sabuni ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani. Rudia baada ya siku saba. Mbuzi nao huzuiwa na matawi ya miiba tu.

Kumwagilia kiangazi au kukausha ya masika?

Huu ni ulinganisho ambao wengi hawaufanyi, na kwa familia yenye maji ya mgao ndio wenye faida kuliko yote hapo juu. Wagogo wamekula mlenda na majani ya kunde yaliyokaushwa miezi yote ya ukavu tangu zamani. Majani ya kunde huchumwa wiki tatu hadi nne baada ya kupanda, Januari na Februari yakiwa mengi kuliko mnavyoweza kula, bila tone la bomba.

Osha, chambua vikonyo vigumu, tumbukiza kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili hadi tatu, chuja, tandaza juu ya neti kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja huharibu vitamini A na kupausha rangi. Kwa siku za mvua ingizeni ndani jioni, kwa sababu majani yaliyolowa mara ya pili huota ukungu. Mlenda hauhitaji kuchemshwa: anika kivulini, twanga, chekecha.

Kilo 10 za majani mabichi hubaki kilo moja hadi moja na nusu. Yako tayari yanapovunjika kwa sauti mkononi. Yakipinda tu, rudisha kwenye neti. Hifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, mahali penye giza. Baada ya wiki moja fungua uangalie ndani ya kifuniko: ukikuta matone ya unyevu, anikeni tena siku hiyohiyo.